Namna ya kufuatilia maisha ya afisa wa kijeshi katika koloni la wafungwa la New South Wales

Wengi wanaotaka kujua afisa wa Kiingereza aliishije Sydney baada ya 1788 huanza na koti jekundu na upanga. Mimi huanza na ghala la chakula. Nimesoma shajara, barua na madaftari ya maafisa hawa kwa miaka mingi, na mtu akiniomba nimwonyeshe njia humpa kanuni moja kabla ya nyingine zote: usimsome afisa peke yake. Shajara aliandika akijua nani ataisoma. Daftari la posho, daftari la ardhi na daftari la ubatizo yaliandikwa na watu wengine kwa sababu nyingine, na hayakuwa na haja ya kumpamba. Mweke kati ya maandishi hayo ndipo utamwona.

Nitashughulika na New South Wales, koloni la Waingereza katika Australia ya leo, tangu meli za kwanza zilipotia nanga mwaka 1788 hadi 1810, kikosi kilichomwangusha gavana kilipoondolewa. Kipindi hiki kina maandishi mengi kuliko mtu anavyodhani, na mengi yanasomeka bure mtandaoni.

Kwanza, jua ni afisa wa kikosi gani

Usiruke hatua hii. Palikuwa na vikosi viwili, na maisha ndani yake yalikuwa mbalimbali kabisa.

Cha kwanza ni askari wa majini waliokuja na msafara wa meli 11 ulioondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, ukapitia Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, ukafika Botany Bay Januari 1788, kisha ukahamia Sydney Cove tarehe 26 mwezi huohuo. Mkuu wao alikuwa Meja Robert Ross, ambaye pia alikuwa makamu wa Gavana Arthur Phillip. Katika jeshi hili cheo hakikununuliwa. Ulipanda kwa zamu, aliyekutangulia akifa au akistaafu. Kwa hiyo kijana asiye na mali wala mjomba mkubwa serikalini alijitolea kwenda mwisho wa dunia akitumaini kurudi na cheo. Ukilifahamu hilo utaelewa kwa nini shajara zao zimejaa manung'uniko kuhusu nani kapandishwa na nani karukwa. Kapteni John Shea alipofariki mwaka 1789, nafasi zikasogea, na Ross akampa uluteni mwanawe mwenyewe, John, ambaye bado alikuwa mtoto. Maafisa wenzake hawakulisahau.

Kikosi cha pili kiliitwa New South Wales Corps. Kiliundwa mwaka 1789 na Meja Francis Grose, na sehemu yake ya kwanza ilifika Juni 1790 pamoja na msafara wa pili. Humo cheo kiliweza kununuliwa na kuuzwa. Mtu aliingia akiwa amekopa, akitafuta mahali pa kurudisha fedha zake. Askari wa majini wengi walihesabu siku za kurudi nyumbani, na Desemba 1791 kundi kubwa lao liliondoka katika meli Gorgon. Wa kikosi cha pili walitazama udongo na kuuliza utazaa nini.

Kuna waliopita kote kuwili. George Johnston alikuja na askari wa majini mwaka 1788 kisha akabaki na kuingia kikosi kipya. Ukitafuta jina lake, tafuta pande zote mbili. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, karatasi za askari wa majini ziko chini ya herufi ADM, yaani za jeshi la majini, na orodha za mishahara za kikosi cha pili ziko chini ya WO 12. Barua za magavana kwenda London ziko CO 201, na hesabu za wafungwa ziko HO 10. Huna haja ya kusafiri kwenda huko. Sehemu kubwa ya nyaraka hizi zilinakiliwa kwa ajili ya Australia, na picha zake zimewekwa wazi na Maktaba ya Taifa ya Australia katika tovuti yake ya Trove.

Fungua ghala

Chukua mwaka mmoja, uandike juu ya karatasi afisa wako alikula nini. Mwaka ninaoupendekeza ni 1790, kwa sababu njaa haikumheshimu mwenye cheo.

Mambo yalikwenda hivi. Phillip alikuwa ameamuru mfungwa mwanamume apate posho sawasawa na askari, isipokuwa pombe. Kwa Ross na wenzake hili lilikuwa tusi, na malalamiko yao utayakuta katika barua za CO 201. Meli Guardian, iliyokuwa inaleta chakula, iligonga mlima wa barafu Desemba 1789. Tarehe 19 Machi 1790 meli Sirius ikavunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk, makazi ya pili ya koloni. Ilipofika Aprili, posho ya mtu mzima kwa wiki ilikuwa ratili 2 za nyama ya nguruwe, ratili 2 na nusu za unga na ratili 2 za mchele au kipimo cha njegere badala yake. Gavana naye alipata hiyohiyo. Ukialikwa kula kwake, ulikwenda na mkate wako mfukoni.

Kapteni Watkin Tench ameeleza namna walivyopika, na hapa ndipo ninapomwambia kila msomaji asimame asome polepole. Nyama ile ilikuwa imekaa kwenye chumvi miaka mitatu au minne na imekauka. Walikata kipande cha siku, wakakichoma kwenye uma mbele ya moto, na matone ya mafuta yaliyodondoka wakayakinga kwa kipande cha mkate au kisahani cha wali ili yasipotee. Tench huyohuyo anasema aliona zamu za ulinzi ambazo askari wasio na viatu walikuwa wengi kuliko wenye mabaki ya ngozi miguuni. Mtu huyu alikuwa msomi, mwenye lugha nzuri, aliyewahi kuwa mfungwa wa vita huko Marekani. Na hapo alipo anakinga tone la mafuta.

Ukishaandika posho, tafuta bustani. Maafisa waliruhusiwa kulima mboga, na bustani ni mahali pazuri pa kumwona afisa akigombana na watu anaowalinda. Luteni Ralph Clark alikuwa na bustani yake kwenye kisiwa kidogo ndani ya bandari, ambacho hadi leo kinaitwa Clark Island. Mwanzoni mwa 1790 alikwenda huko akakuta mashua imeshatangulia na sehemu kubwa ya tuta lake zuri la vitunguu imeng'olewa. Aliandika kwa uchungu. Soma uchungu huo ukikumbuka kwamba Thomas Barrett alikuwa amenyongwa tarehe 27 Februari 1788, mwezi mmoja tu baada ya kutua, kwa kuiba chakula cha ghala, na kwamba tarehe 27 Machi 1789 walinyongwa askari wa majini sita kwa kosa hilohilo. Wale sita walikuwa walinzi wa ghala, na waliotazama walikuwa wenzao wa kula nao chungu kimoja.

Isome shajara ukijua imeandikwa kwa nani

Nakaa na Clark kwa sababu hakuna afisa anayefundisha kazi hii vizuri kuliko yeye. Shajara yake imehifadhiwa na Maktaba ya Jimbo la New South Wales, na picha za kurasa zinapatikana mtandaoni. Mwandiko unasomeka, ila tahajia ni yake mwenyewe: anaandika neno kama anavyolitamka. Ukikwama, lisome kwa sauti na mara nyingi litafunguka.

Clark alimwacha nyumbani mkewe Betsey Alicia na mtoto wao mchanga. Shajara ni ya mke huyo. Kila Jumapili anaitoa picha yake na kuibusu, na anaandika kwamba ameibusu. Anaandika ndoto zake. Katika meli Friendship aliwachukia wanawake wafungwa kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Walipofika Cape Town wanawake wale wakahamishiwa meli nyingine ili kupata nafasi ya kondoo, na Clark akaandika kwamba anaona kondoo watakuwa wenzi bora wa safari.

Ukiishia hapo utatoka na mume mwaminifu, mkali, mwenye kuumwa na upweke. Sasa fungua daftari la ubatizo. Machi 1790 Clark alipelekwa kisiwa cha Norfolk, na mwaka 1791 akazaliwa mtoto wa kike, mama yake Mary Branham, mfungwa aliyekuja na meli Lady Penrhyn baada ya kuhukumiwa London akiwa bado msichana mdogo. Baba ni Luteni Clark. Mtoto akaitwa Alicia.

Jina hilo limenisumbua kwa miaka. Sitaki kumhukumu haraka, wala sitaki kumfunika. Ninachotaka ni wewe ujifunze kuuliza: mbona Mary Branham haonekani katika shajara ya mtu anayeandika hata ndoto zake? Shajara ina ndege wa baharini waliochinjwa Mount Pitt, mlima wa kisiwa hicho, kuwaokoa watu na njaa, ina adhabu za viboko kwa hesabu, ina hali ya hewa. Haina mwanamke aliyekuwa analala naye.

Na si Clark peke yake. Kapteni David Collins, mwanasheria wa koloni, alizaa na Ann Yeates, mfungwa, huku mkewe akimngoja Uingereza. Luteni Philip Gidley King wa jeshi la majini, mkuu wa kwanza wa kisiwa cha Norfolk, alizaa na Ann Inett wana wawili na kuwaita Norfolk na Sydney. George Johnston aliishi na Esther Abrahams, aliyehukumiwa kwa kuiba kitambaa cha lesi, wakazaa watoto wengi na kufunga ndoa mwaka 1814. Kwa kila afisa unayemchunguza, fungua ukurasa wa pili wenye jina la mwanamke: meli aliyokuja nayo, hukumu yake, watoto, na tarehe anapotoweka kwenye orodha. Kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, ambako baadhi ya wanawake hawa walihukumiwa, ziko mtandaoni na zinatafutika kwa jina. Humo utasikia hata vitu walivyoshtakiwa kuiba vikitajwa kimoja kimoja na bei yake.

Tahadhari moja ya kiufundi, maana imewapoteza wengi. Kitabu cha safari cha meli ya kivita wakati huo kilihesabu siku kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri. Alasiri ambayo mtu wa nchi kavu aliiita tarehe 25, nahodha aliiandika chini ya tarehe 26. Ukiona maafisa wawili wanatofautiana siku moja juu ya tukio lilelile la mchana, usikimbilie kusema mmoja amesahau.

Muulize: kazi yake ilikuwa ipi hasa?

Jibu la haraka ni kulinda wafungwa. Maafisa wenyewe walikataa hilo. Walisema wametumwa kulinda koloni, si kusimama nyuma ya mtu mwenye jembe, na Phillip alilazimika kuwatumia wafungwa kuwasimamia wafungwa wenzao. Kazi waliyoshindwa kuikwepa ilikuwa mahakama. Mahakama ya jinai ilikuwa na mwanasheria wa koloni pamoja na maafisa sita wa jeshi, na ilikaa mara ya kwanza tarehe 11 Februari 1788. Kwa hiyo luteni wa miaka ishirini na kitu, asiyejua sheria, aliamka asubuhi akavaa sare akaenda kupiga kura kama mtu anyongwe au la. Alipotoka, alimkuta ndugu wa aliyehukumiwa anafua nguo zake.

Ugomvi kati yao wenyewe unafaa kuchunguzwa pia. Machi 1788 mahakama ya kijeshi iliyoongozwa na Tench ilimhukumu askari Joseph Hunt kwa kumpiga mwenzake. Ross hakuipenda hukumu, akaagiza ibadilishwe. Maafisa watano wakakataa, naye akawaweka wote chini ya ulinzi, Tench akiwemo. Maafisa walikuwa wachache mno, na hao watano wakaendelea na kazi zao za kila siku huku kwenye karatasi wakiwa mahabusu. Jalada la kesi hii linakuonyesha koloni nzima kwa kurasa chache: mkuu mwenye hasira, vijana wanaoshikilia heshima yao, na gavana anayetafuta namna ya kulala usingizi. Askari Hunt anarudi mwaka 1789, safari hii akitoa ushahidi dhidi ya wale sita walionyongwa.

Fuata ekari, watumishi na ramu

Kwa maafisa wa kikosi cha pili, shajara ni chache, na utawapata zaidi kwenye hesabu. Phillip aliondoka Desemba 1792. Grose akashika nafasi yake kwa miaka miwili, na humo ndimo kila kitu kilipogeuka. Aliwaondoa mahakimu wa kiraia na kuweka wanajeshi. Aliondoa usawa wa posho. Aligawa ardhi kwa maafisa, kila mmoja akiweza kupata ekari 100 na zaidi, pamoja na wafungwa kumi wa kulima na watatu wa kazi za nyumbani, wote wakilishwa na ghala la serikali. London iliagiza idadi ya watumishi ipunguzwe. Haikufanyika kwa muda mrefu.

Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako. Andika safu tatu: ardhi aliyopewa na tarehe, watumishi aliokuwa nao katika orodha ya watu, na nafaka aliyoiuzia ghala. Serikali inawalisha vibarua, vibarua wanalima shamba la afisa, afisa anaiuzia serikali ngano. Hakuna hotuba ya kupinga ukoloni inayoeleza jambo hili vizuri kuliko safu hizo tatu.

Kisha angalia fedha zilivyotembea. Sarafu zilikuwa haba, ila afisa alilipwa kwa hati inayolipika London, na nahodha wa meli ya biashara hakutaka kitu kingine. Mwenye hati ndiye aliyenunua shehena. Mwishoni mwa 1792 maafisa waliungana wakakodi meli Britannia iende Cape Town kuwaletea bidhaa. Desemba mwaka huo ikafika meli ya Kimarekani iitwayo Hope, na nahodha wake akakataa kuuza chakula mpaka pombe yake yote inunuliwe kwanza. Grose akanunua, galoni zipatazo 7,500 kwa shilingi 4 na peni 6 kila galoni. Ramu ikawa mshahara, ikawa bei ya ngano, ikawa deni. Johnston mwenyewe alikamatwa mwaka 1800 kwa madai ya kumlipa sajini sehemu ya haki yake kwa pombe iliyopandishwa bei, akapelekwa Uingereza, na kesi haikuendelea.

John Macarthur ndiye mfano mkubwa kuliko wote, na ndiyo maana sitamweleza sana. Vitabu vimemjaa. Alikuja mwaka 1790 akiwa luteni mwenye madeni, akapata ekari 100 Parramatta mwaka 1793, akawa mlipaji mishahara wa kikosi na msimamizi wa kazi za umma, akampiga risasi mkuu wake William Paterson katika pambano la bastola mwaka 1801, na badala ya kuangamia akarudi mwaka 1805 akiwa na kondoo wa merino na ahadi ya maelfu ya ekari. Ukimchunguza, soma barua za mkewe Elizabeth. Alikuwa anaona watu na mimea, na aliendesha mashamba kwa miaka mume akiwa hayupo.

Tafuta wenye nchi katika kila karatasi

Mahali hapo palikuwa na wenyewe. Bandari ya Sydney ilikuwa ya Gadigal, Gamarigal na koo nyingine za watu wanaojulikana kama Eora. Afisa wako aliishi kati yao, na usipowatafuta kwa makusudi hutawaona, maana karatasi zimeandikwa kana kwamba wako pembeni.

Anza na amri walizopewa maafisa kuwahusu. Novemba 1789 Luteni William Bradley aliagizwa kuwakamata wanaume wawili kwa nguvu ili gavana apate wakalimani. Akawakamata Bennelong na Colebee ufukweni, wanawake na watoto wakipiga mayowe, na akaandika kwamba haijawahi kumpata kazi chungu kama ile. Miezi michache nyuma, Aprili 1789, ndui ilikuwa imepita kati ya watu hao na kuacha maiti kwenye mapango na fukwe za bandari. Arabanoo, aliyekamatwa Desemba 1788, alikufa kwa ugonjwa huo Mei.

Halafu Desemba 1790. Pemulwuy, mmoja wa wenyeji, alimchoma mkuki John McIntyre, mfungwa aliyekuwa mwindaji wa gavana na ambaye wenyeji walimchukia. Phillip akamwagiza Tench aongoze askari, wakamate wanaume wawili na kuua kumi, na vichwa vya waliouawa viletwe. Mashoka na mifuko ya kubebea ikatolewa. Tench alimsihi, idadi ikashuka hadi sita wa kukamatwa. Wakaenda mara mbili, hawakumpata mtu.

Katika askari hao alikuwemo Luteni William Dawes, na kwake ningependa utumie muda. Dawes alikuwa mtu wa nyota. Alijenga kituo chake cha kutazamia mbingu kwenye ncha ya ardhi ambayo sasa inaitwa Dawes Point, na huko alijifunza lugha ya wenyeji kutoka kwa watu waliokuwa wanamtembelea, hasa msichana Patyegarang. Daftari zake ziko katika chuo cha SOAS, London, zilipogunduliwa tena mwaka 1972, na picha za kurasa zake ziko mtandaoni. Zifungue. Kuna mahali anamuuliza Patyegarang kwa nini watu wake wana hasira, naye anamjibu kwamba ni kwa sababu wazungu wamekaa hapa. Anauliza tena kwa nini wanaogopa. Kwa sababu ya bunduki. Amejibu, na afisa ameandika, kwa mkono wake.

Dawes alikataa kwenda katika ule msafara wa vichwa. Baada ya kuzungumza na Kasisi Richard Johnson akakubali, kisha aliporudi akatamka kwamba anajuta kwenda. Phillip hakumsamehe. Dawes alitaka kubaki New South Wales, akaondoka na Gorgon Desemba 1791. Mfuate baada ya hapo: amekuwa gavana wa Sierra Leone zaidi ya mara moja, na amefia Antigua mwaka 1836 baada ya miaka ya kazi kwa ajili ya watu waliokuwa watumwa huko. Afisa mwingine akiondoka koloni, unaweza kufunga jalada lake. La Dawes liache wazi.

Picha nazo ziulizwe

Tarehe 26 Januari 1808 Johnston, sasa meja, aliongoza kikosi na bendi yake hadi nyumba ya serikali akamkamata Gavana William Bligh, aliyekuwa amebana biashara ya ramu na kumfikisha Macarthur mahakamani. Kuna mchoro wa rangi za maji, mchoraji hajulikani, unaomwonyesha Bligh akivutwa kutoka chini ya kitanda. Umechapwa kila mahali. Ulichorwa na upande wa waasi, ili gavana aonekane mwoga. Bligh alikanusha habari ya kitanda maisha yake yote. Ukiutumia, andika chini yake ulitoka upande gani. Gavana mpya, Lachlan Macquarie, alifika na kikosi cha 73 mwishoni mwa Desemba 1809, kikosi cha zamani kikaitwa nyumbani, na mwaka 1811 Johnston akafukuzwa jeshini.

Pa kuanzia leo

Kama hujawahi kufanya kazi hii, usianze na Macarthur wala Clark. Anza na George Johnston, kwa sababu ana kila aina ya karatasi: orodha ya askari wa majini, orodha ya mishahara ya WO 12, hati ya ardhi ya shamba lake la Annandale ya mwaka 1793, ripoti yake ya kuzima uasi wa wafungwa huko Castle Hill Machi 1804, na shauri lake la kijeshi la 1811, lililochapwa na linalosomeka. Gazeti la Sydney lilianza Machi 1803 na lote liko Trove, kwa hiyo kuanzia mwaka huo unaweza kutafuta jina lake toleo kwa toleo.

Fanya hivi. Siku ya kwanza andika mstari wa miaka yake kutoka 1764, alipozaliwa Uskoti, hadi 1823 alipokufa, bila kupamba. Siku ya pili, andika mstari wa pili chini ya ule, wa Esther Abrahams, kutoka meli Lady Penrhyn iliyomleta hadi alipokuwa anaendesha shamba la Annandale mumewe akiwa Uingereza akihukumiwa. Utaona mstari wake unaendelea baada ya 1823, na humo utakuta kesi ya mwaka 1829, mwanawe Robert akiitaka mahakama imtangaze kuwa hawezi tena kusimamia mali. Ushahidi uliotolewa humo umejaa maisha ya nyumbani ya afisa ambayo afisa mwenyewe hakuyaandika popote. Uchukue, urudi nao kwenye mwaka 1793, na uisome upya ile hati ya ardhi.